Akhlaqi na Sira kwa Pamoja: Mwongozo Kamili kwa Mwanafunzi wa EDK Sekondari

Mwanafunzi akiulizwa kuhusu uaminifu katika mtihani wa Elimu ya Dini ya Kiislamu, mara nyingi ataandika kwamba uaminifu ni kusema kweli na kutunza amana, kisha atajaza mistari kumi ya kurudia jambo hilo hilo kwa maneno mengine. Akiulizwa kuhusu Hijra, ataandika mwaka, jina la pango na jina la aliyefuatana na Mtume (s.a.w.), kisha atakomea hapo. Jibu la kwanza halina ushahidi, na la pili halina funzo. Lakini ushahidi wa lile la kwanza umo ndani ya hili la pili: Mtume (s.a.w.) alipohama, alimwacha Ali bin Abi Talib (r.a.) nyuma Makka arudishe amana za watu. Wenye amana hizo walikuwa miongoni mwa Makureshi, watu wale wale ambao wakubwa wao walikuwa wamekubaliana kumuua.

Mwongozo huu wote umesimama juu ya jambo hilo. Muhtasari wa somo huweka akhlaqi, yaani mafunzo ya tabia njema, kwenye mada yake na historia kwenye mada yake, na kwa kupanga vipindi hakuna ubaya. Ila Qur'an yenyewe ilishuka kwa muda wa miaka 23, ikiwajibu watu waliokuwa wanagombana, wanaogopa, wanashindwa vita, wanasingiziana na kusameheana. Karibu kila tabia unayotakiwa kuieleza ina siku yake katika Sira, yaani historia ya maisha ya Mtume (s.a.w.). Ijue hiyo siku, na tabia haitakutoka kichwani.

Nimewaandikia zaidi wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne Tanzania. Mwenzetu anayesoma IRE (Islamic Religious Education) Kenya atafanya mtihani kwa Kiingereza, lakini matukio na aya ni hizo hizo.

Hatua ya kwanza: andaa vifaa

Huhitaji vingi. Msahafu wenye tafsiri ya Kiswahili, kitabu cha kiada, muhtasari wa somo (mwombe mwalimu aukague nawe, ujue mada zipi mmeshamaliza na zipi bado), mitihani ya miaka iliyopita, na daftari moja kubwa. Nasema moja kwa makusudi. Ukiwa na daftari la akhlaqi na jingine la historia, utavitenganisha tena vitu ambavyo tunataka kuviunganisha.

Hatua ya pili: simamisha uti wa mgongo wa miaka

Kabla ya kusoma tukio lolote kwa undani, chora mstari wa matukio kwenye kurasa mbili za katikati ya daftari. Hapa wanafunzi huchanganyikiwa kwa sababu vitabu vinatumia hesabu tatu za miaka bila kuwatahadharisha: miaka ya Masihi, miaka ya utume (inayoanzia wahyi wa kwanza), na miaka ya Hijra. "Mwaka wa tano" unaweza kuwa kuhama kwa Waislamu kwenda Habasha (upande wa Ethiopia ya leo), na unaweza kuwa vita vya Khandaki. La kwanza ni mwaka wa 5 wa utume, sawa na 615, na la pili ni mwaka wa 5 wa Hijra, sawa na 627. Kwa hiyo kila unapoandika mwaka, andika na hesabu yake.

Mstari wenyewe uwe na haya kwa uchache. Kuzaliwa kwa Mtume (s.a.w.) Makka, mwaka wa Tembo, karibu na 570. Baba yake, Abdullah, alikuwa ameshafariki. Mama yake, Bi Amina, alifariki yeye akiwa na miaka 6, na babu yake, Abdul-Muttalib, akiwa na miaka 8. Baada ya hapo akalelewa na ami yake, Abu Talib. Kumuoa Bi Khadija akiwa na miaka 25. Wahyi wa kwanza katika pango la Hira, 610, akiwa na miaka 40. Kuhama kwenda Habasha, 615. Kususiwa kwa Bani Hashim, ukoo wa Mtume (s.a.w.), katika bonde la Abu Talib, takriban miaka mitatu. Mwaka wa Huzuni, wa 10 wa utume, walipofariki Abu Talib na Bi Khadija. Mikataba miwili ya Aqaba na watu wa Yathrib. Hijra, 622. Kisha mfululizo wa Madina: vita vya Badr mwaka wa 2 wa Hijra, vita vya Uhud wa 3, vita vya Khandaki wa 5, mkataba wa Hudaybiya wa 6, Fat-hu Makka (kufunguliwa kwa Makka) wa 8, Hija ya kuaga wa 10, na kufariki kwa Mtume (s.a.w.) mwaka wa 11, yaani 632. Halafu Makhalifa Waongofu: Abu Bakar hadi 634, Umar hadi 644, Uthman hadi 656, Ali hadi 661.

Ukitaka kugeuza mwaka wa Hijra kuwa wa Masihi, zidisha kwa 0.97 kisha jumlisha 622. Mwaka wa 8 wa Hijra unakupa 629.76, nawe unajua Makka ilifunguliwa Januari 630. Hesabu hiyo inaweza kupishana kidogo, maana mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa siku kama 11, lakini inatosha kukukinga na makosa makubwa. Na kumbuka kwamba kalenda ya Hijra haikupangwa siku Mtume (s.a.w.) alipoingia Madina. Ilipangwa wakati wa ukhalifa wa Umar (r.a.), na ikaanzia Muharram ya mwaka wa Hijra, ingawa safari yenyewe ilikuwa Rabiul-Awwal.

Pembeni ya mstari huo chora ramani kwa mkono wako. Weka Makka, Yathrib (Madina) kaskazini yake kwa safari ya zaidi ya kilomita 400, Taif upande wa mashariki, Yemen kusini, Sham kaskazini kabisa, na Habasha ng'ambo ya Bahari ya Sham. Weka pia pango la Thaur, na hapa ramani itakufundisha jambo ambalo maelezo matupu huliacha. Thaur liko kusini mwa Makka, Madina iko kaskazini. Mtume (s.a.w.) na Abu Bakar (r.a.) walianza kwa kwenda upande ambao waliokuwa wakiwasaka wasingeutarajia, wakajificha siku tatu, wakamkodi Abdullah bin Uraiqit awaongoze njia, naye hakuwa Muislamu ila alikuwa mjuzi wa njia na mtu wa kuaminika. Ukiulizwa kuhusu kumtegemea Mwenyezi Mungu, eleza mpango huo mzima. Tawakkul ya Mtume (s.a.w.) ilikwenda pamoja na maandalizi.

Hatua ya tatu: wajue Waarabu wa Jahiliya kwa haki

Majibu mengi kuhusu Jahiliya, yaani zama za kabla ya Uislamu, yanasomeka kana kwamba Waarabu wa zama hizo hawakuwa na jema hata moja. Maovu yalikuwepo na yalikuwa makubwa: masanamu 360 kuzunguka Al-Kaaba, watoto wa kike kuzikwa hai (81:8-9), riba, ulevi, na vita vya ukoo vya kulipiza kisasi. Lakini walikuwa pia na ukarimu kwa mgeni, ushujaa, na kutimiza ahadi. Kulikuwa na Hilful-Fudhul, mapatano ya baadhi ya koo za Kikureshi kumsaidia aliyedhulumiwa hata kama ni mgeni. Mtume (s.a.w.) aliyashuhudia akiwa kijana, na baada ya kupewa utume alisema kwamba angeitwa kwenye mapatano ya namna hiyo angeitikia. Uislamu ulikuta mema ukayaimarisha, ukakuta maovu ukayang'oa. Mwanafunzi asiyejua hilo hawezi kueleza kwa nini watu wale wale wa jangwani waligeuka kuwa Maswahaba.

Kama unataka muhtasari wa mageuzi hayo kutoka kwa mtu aliyeyaishi, soma hotuba ya Jaafar bin Abi Talib (r.a.) mbele ya Najashi, mfalme wa Habasha. Makureshi walikuwa wamewatuma Amr bin Al-As na mwenzake, na zawadi, ili Waislamu warudishwe Makka. Najashi akataka kuwasikiliza wakimbizi kwanza. Jaafar akasimama na kueleza: tulikuwa watu wa ujinga, tukiabudu masanamu, tukila mizoga, tukifanya machafu, tukikata udugu, tukiwatendea vibaya majirani, na mwenye nguvu miongoni mwetu akimla mnyonge, mpaka Mwenyezi Mungu akatuletea Mtume tunayeijua nasaba yake, ukweli wake, uaminifu wake na kujiheshimu kwake. Akaendelea kutaja alichowaamrisha: kumuabudu Mungu mmoja, kusema kweli, kurudisha amana, kuunga udugu, kuwa jirani mwema, na kuacha kula mali ya yatima. Kisha akasoma sehemu ya Surat Maryam, na Najashi akalia.

Ione hotuba ile ilivyojengwa. Swali lilihusu dini, na sehemu kubwa ya jibu ikawa tabia. Hotuba hiyo peke yake inajibu maswali matatu ya mtihani: hali ya Jahiliya, mafunzo ya msingi ya Uislamu, na sababu za kuhamia Habasha. Nasi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya ziada ya kuipenda, kwa kuwa ilitolewa upande huu wa bahari, katika ufalme wa Aksum, mbele ya mfalme Mkristo ambaye haki yake ilikuwa imeshasifiwa na Mtume (s.a.w.) kabla wao hawajafunga safari.

Hatua ya nne: funga kila tabia kwenye tukio na aya

Hii ndiyo kazi kubwa, na itachukua muda mrefu kuliko hatua nyingine zote. Gawa kurasa za daftari kwa safu tatu: tabia, tukio, na aya au hadithi. Kila tabia iliyomo kwenye muhtasari lazima ijaze safu zote tatu. Ukikuta safu iko wazi, hapo ndipo pa kusoma.

Nikuanzishie. Kwenye ukweli, andika siku ya mlima Safa: Mtume (s.a.w.) aliwauliza Makureshi kama wangemsadiki akiwaambia kuna jeshi nyuma ya mlima, wakasema hawajawahi kuona kwake ila ukweli. Kisha alipowaita kwenye Uislamu, ami yake Abu Lahab akamlaani, na Surat Al-Masad ikateremka. Kwenye busara ya kusuluhisha, andika ujenzi wa Al-Kaaba, Mtume (s.a.w.) akiwa na miaka 35, alipoliweka Jiwe Jeusi juu ya nguo na kuwataka wakuu wa koo washike pembe zake walinyanyue pamoja. Kwenye udugu, andika Saad bin Rabii, mtu wa Madina, aliyemtaka Abdur-Rahman bin Auf achukue nusu ya mali yake, na Abdur-Rahman akamwombea baraka na kusema, "Nionyesheni soko liko wapi." Weka na aya ya 59:9, inayowasifu Ansari, Waislamu wa Madina waliowapokea waliohama, kwa kuwatanguliza wenzao. Tukio hilo lina tabia mbili, ukarimu wa mtoaji na heshima ya asiyetaka kuwa mzigo, na wengi huandika ya kwanza tu.

Kwenye kuheshimu wanyonge, weka Surat Abasa. Mtume (s.a.w.) alikuwa akizungumza na wakubwa wa Kikureshi, akitumaini watasilimu, akaja kipofu, Abdullah bin Ummi Maktum, kutaka kufundishwa. Mtume (s.a.w.) akakunja uso, na aya zikamkumbusha. Kipofu yule hakuuona uso uliokunjwa, na bado Mwenyezi Mungu akalifanya jambo hilo Qur'an inayosomwa hadi leo.

Kwenye kusamehe, usiishie kwenye kufunguliwa kwa Makka. Weka kisa cha Mistah. Bi Aisha (r.a.), mke wa Mtume na binti wa Abu Bakar, aliposingiziwa uzinzi, Mistah, jamaa wa Abu Bakar (r.a.) aliyekuwa akiishi kwa msaada wake, alikuwa miongoni mwa walioueneza uzushi. Qur'an ilipomtakasa Bi Aisha, Abu Bakar aliapa hatampa Mistah kitu tena. Ikateremka 24:22, kwamba wenye fadhila na uwezo wasiape kuwanyima jamaa, maskini na waliohama, bali wasamehe: "Je, hampendi Mwenyezi Mungu akusameheni?" Abu Bakar akasema anapenda, naye akarudisha msaada. Msamaha wa namna hii unamgusa kijana zaidi, maana aliyemuumiza ni mtu wa nyumbani anayekula sahani moja naye.

Sasa tuingie ndani ya tukio moja mpaka mwisho, ili uone jinsi ya kulichimba. Chukua Uhud.

Baada ya Badr, Makureshi walikuja na watu kama 3,000. Mtume (s.a.w.) alielekea kubaki Madina na kujilinda humo. Wengi, hasa vijana waliokosa Badr, walitaka kutoka. Akawafuata, akavaa deraya. Walipojuta na kusema ni bora kubaki, aliwajibu kwamba haimfalii Nabii akishavaa silaha kuivua mpaka Mwenyezi Mungu ahukumu. Walitoka watu kama 1,000, na njiani Abdullah bin Ubayy, kiongozi wa wanafiki, akarudi na 300. Wapiga mishale 50 wakawekwa kilimani chini ya Abdullah bin Jubair, na amri ya kutoondoka vyovyote itakavyokuwa. Waislamu walianza kushinda. Wengi wa wapiga mishale wakashuka kutafuta ngawira. Khalid bin Walid, ambaye wakati huo hakuwa amesilimu, akapita upande ule ule waliouacha wazi, na wapanda farasi. Waislamu wapatao 70 waliuawa, akiwemo Hamza (r.a.), ami yake Mtume. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alijeruhiwa usoni.

Mwanafunzi wa kawaida hukomea kwenye utii. Endelea mbele, usome 3:159, iliyoteremka baada ya siku hiyo: ni kwa rehema ya Mwenyezi Mungu umekuwa mpole kwao, na lau ungekuwa mkali mwenye moyo mgumu wangekukimbia, basi wasamehe, waombee maghufira, na shauriana nao katika mambo. Itafakari amri hiyo ya mwisho. Mashauriano ndiyo yaliyowatoa nje ya Madina. Mtu angetarajia kiongozi aambiwe asiwasikilize tena. Akaamrishwa kuendelea kushauriana nao, tena kwa upole, damu ikiwa bado mbichi. Sijui darasa jingine la uongozi linalolingana na hilo. Kutoka tukio moja umeshapata utii, hatari ya tamaa, unafiki na dalili zake, ushujaa, msamaha, na shura (mashauriano), na kila moja ina kisa chake.

Fanya hivyo hivyo kwa Taif, kwa Hudaybiya, na kwa kufunguliwa kwa Makka. Kwenye Hudaybiya usimsahau Bi Ummu Salama (r.a.). Maswahaba walilemewa na masharti ya mkataba hata wakashindwa kuinuka walipoamrishwa kuchinja na kunyoa. Yeye ndiye aliyemshauri Mtume (s.a.w.) atoke, asiseme na yeyote, achinje na kunyoa mwenyewe. Alipofanya hivyo, wote wakafuata. Ukiulizwa nafasi ya mwanamke katika historia ya Uislamu, anza na hilo, kisha rudi nyuma kwa Bi Khadija (r.a.), aliyempokea Mtume (s.a.w.) akitetemeka kutoka Hira na kumtuliza kwa kumtajia tabia zake: unaunga udugu, unambebea mnyonge mzigo wake, unamkirimu mgeni.

Hatua ya tano: shika maeneo manne ya Qur'an

Huwezi kuhifadhi kila aya, lakini sehemu nne zitakubeba kwenye maswali mengi ya akhlaqi. Al-Hujurat 49:11-13 inagusa kudharauliana, kuitana majina mabaya, dhana, kupelelezana, kusengenyana na ubaguzi wa makabila. Luqman 31:13-19 ni nasaha za baba kwa mwanawe, kutoka kuacha shirki mpaka kushusha sauti. Al-Israa 17:23-39 ina wazazi, jamaa, matumizi ya mali, yatima, ahadi, vipimo na majivuno. Al-Furqan 25:63-76 inaeleza sifa za waja wa Mwingi wa Rehema. Hifadhi maana kwa usahihi, na namba ya sura na aya. Kama huna hakika na namba, andika jina la sura peke yake. Namba ya kubuni ni kumzulia Mwenyezi Mungu maneno pasipo pake, na hilo ni zito kuliko alama moja.

Kwenye hadithi kuwa mwangalifu zaidi. Yapo maneno yanayozunguka kwenye mihadhara na kwenye simu ambayo wataalamu hawayathibitishi. "Tafuteni elimu hata China" ni mojawapo, na yapo mengine yaliyo sahihi ya kutumia, kama vile kutafuta elimu ni faradhi kwa kila Muislamu. "Usafi ni katika imani" kwa lafudhi hiyo haijathibiti. Iliyo sahihi, aliyoipokea Muslim, ni kwamba twahara ni nusu ya imani. Halafu kuna kile kisa mashuhuri cha bibi wa Kiyahudi aliyekuwa akimtupia Mtume (s.a.w.) takataka njiani, siku moja asimwone akaenda kumjulia hali. Kinapendwa sana, lakini hakimo katika vitabu vya hadithi vinavyotegemewa. Ukitaka kuonyesha ubaya aliotendewa, andika kwamba Uqba bin Abi Muait alimwekea matumbo ya ngamia mgongoni akiwa amesujudu karibu na Al-Kaaba, mpaka Bi Fatima (r.a.) akaja kuyaondoa. Na kwa kumtembelea mgonjwa asiyekuwa Muislamu, andika kijana wa Kiyahudi aliyekuwa akimtumikia, alipougua Mtume (s.a.w.) akaenda akakaa karibu na kichwa chake. Yote mawili yamo katika Bukhari. Mtume wetu hahitaji kutungiwa visa, vya kweli vimejaa.

Hatua ya sita: soma Makhalifa kwa adabu

Kwa Abu Bakar (r.a.), shika hotuba yake ya kwanza, alipowaambia watu kwamba ametawalishwa nao wala si mbora wao, wamsaidie akifanya vyema na wamnyooshe akikosea. Shika pia kukusanywa kwa Qur'an chini ya Zaid bin Thabit baada ya vita vya Yamama, ambamo wengi waliohifadhi Qur'an waliuawa. Kwa Umar, kalenda, daftari la serikali na Baitul-Mal, yaani hazina ya Waislamu. Kwa Uthman, nakala za msahafu zilizopelekwa miji mikubwa. Kwa Ali, elimu yake na uadilifu wake katika wakati mgumu kuliko wote.

Fitina iliyoanza na kuuawa kwa Uthman (r.a.), kisha vita vya Jamal na Siffin, ieleze kwa sababu na matokeo. Darasani kwako huenda wamo Sunni na Shia, na waliokuwa upande huu na ule walikuwa watu waliokaa na Mtume (s.a.w.). Andika kilichotokea, usimtukane yeyote, na aya ya 5:8 ikuongoze, ile inayokataza chuki isikutoe kwenye uadilifu.

Hatua ya saba: andika jibu lenye nyama

Anza kwa kusoma kitenzi cha swali. "Taja" inataka orodha fupi. "Eleza" na "fafanua" zinataka hoja na maelezo yake. "Jadili" inataka uzipime pande zote. Anayeeleza palipotakiwa kutaja hupoteza muda, na anayetaja palipotakiwa kueleza hupoteza alama.

Tuseme swali ni: Eleza mafunzo yatokanayo na vita vya Uhud. Aya moja ya jibu iwe hivi:

"Funzo la kwanza ni kumtii kiongozi katika jambo la haki. Mtume (s.a.w.) aliwaamrisha wapiga mishale 50 wasiondoke kilimani kwa hali yoyote. Walipoona maadui wanakimbia, wengi wao walishuka kukusanya ngawira, na Khalid bin Walid akatumia nafasi hiyo kuwashambulia Waislamu kwa nyuma. Qur'an inaeleza kosa hilo katika 3:152. Kwa hiyo Muislamu aliyekabidhiwa kazi haiachi kwa tamaa ya mali."

Sentensi ya kwanza imetaja funzo, mbili zinazofuata zimeleta tukio, ya nne imeleta ushahidi, na ya mwisho imerudisha funzo kwetu. Rudia mpangilio huo kwa kila hoja. Fanya mazoezi ukiwa umeweka saa mbele yako upime muda, swali moja kila jioni, kisha mpe mwenzako asahihishe akiwa na msahafu mkononi.

Hatua ya nane: iweke akhlaqi kwenye siku yako

Somo hili lina mtihani wa pili usiosahihishwa na baraza lolote. Chagua tabia moja kwa wiki na uifuatilie. Wiki ya 49:12, angalia makundi yako ya WhatsApp: nani anajadiliwa humo akiwa hayupo, na wewe umechangia nini. Wiki ya 17:23, sikiliza sauti yako unapoitwa na mama ukiwa umeshika simu. Wiki ya ahadi, andika kila uliloahidi na lini umelitimiza.

Na kabla ya kuingia chumba cha mtihani, soma hadithi hii kwa utulivu. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye rundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, vidole vyake vikapata unyevu. Akamuuliza mwenye nafaka, ni nini hii? Akasema imenyeshewa na mvua. Akamwambia, "Kwa nini hukuiweka juu watu waione? Mwenye kughushi si katika mimi." Ipo katika Muslim. Atakayekuletea "karatasi" usiku wa kuamkia mtihani wa dini anakuuzia nafaka ile ile iliyolowa, na cheti kitakachopatikana kwayo kitawasilishwa kwa mwajiri kikiwa kikavu juu. Kataa, mwambie mwalimu unayemwamini, kisha urudi kwenye daftari lako la safu tatu umalizie zilizobaki wazi.